Niliandika Kwamba Sili, Sasa Naletewa Mandazi

Kwako Shangazi Truphena,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na huo uzima ndio shida iliyonifanya nishike kalamu. Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa huku Eastlands, nakaa Shauri Moyo na wazazi wangu. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha, nawe nakuomba usiitaje shule hata ukiitambua. Barua hii naileta kwa miguu mpaka kwa askari wa mlango wa gazeti lenu, kwa sababu posta itachelewa na jambo langu lina siku yake, nayo ni Ijumaa hii baada ya mkutano wa Chama cha Kiswahili.

Mimi si mtu wa wasichana, Shangazi. Nikipata kitabu naweza kukaa kwenye kizingiti chetu tangu mafundi wa soko la Gikomba waanze kugonga mbao asubuhi hadi wanyamaze, na mama hupita juu yangu na ndoo ya maji akisema, "Javan, siku ya harusi yako tutamvisha kamusi shela." Lakini Bwire, ambaye tunaketi dawati moja, hakunipa amani tangu muhula uanze, akawa ananiambia kwamba mvulana wa kidato cha tatu asiye na msichana ni kama redio isiyo na betri, inapangwa tu juu ya kabati na kufunikwa kitambaa, na wengine darasani wakaanza kuniita Redio, hata wadogo wa kidato cha kwanza.

Basi nikamwendea Waruguru. Yeye anatoka mtaa wa Ziwani na ndiye katibu wa Chama cha Kiswahili, na nilimchagua kwa sababu ndiye msichana pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama viatu vyangu, maana huwa tunaongea juu ya vitabu. Siku hiyo wenzetu walikuwa wameondoka na sisi tunapanga viti, nikamwambia maneno ambayo Bwire alikuwa amenifundisha, nikayasema yote kwa pumzi moja kama mtu anayekunywa dawa chungu. Waruguru akaweka kiti chini, akanitazama vizuri, akasema, "Javan, wewe ni mtu mzuri na ninakuheshimu. Lakini hapana. Mimi nimekuja shule kusoma."

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Aliposema hapana, nilihisi vile mtu anavyohisi mwalimu wa hesabu anapokuja na chaki moja kwa moja kuelekea dawati lako, halafu anakupita na kumwita wa nyuma. Mabega yalishuka. Nilimsaidia kumaliza viti, tukaagana, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi, nikamchotea mama maji bila kuombwa, na jioni nikala ugali na sukuma nikaongeza. Nililala fofofo.

Kesho yake Bwire akaja na uso wa matanga. Akanishika bega.

"Pole, mse. Nimesikia umekatwa."

"Asante."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki."

"Unacheka, Javan! Dame amekukataa, na watu wamekuona jana kwenye mfereji ukipiga mluzi. Kwani wewe ulimtaka kweli ama ulikuwa unamchezea tu mtoto wa watu?"

Hilo neno liliniuma kuliko ile hapana yenyewe, kwa sababu mimi si mtu wa kuchezea watu. Nilijiuliza kama labda moyo wangu una kasoro.

Na ni wiki iyo hiyo ambapo Mwalimu Nyamai, anayetufundisha Kiswahili, alitugawia karatasi ya stensili yenye mashairi mawili, akatupa swali la insha: linganisha jinsi mashairi haya yanavyoonyesha uchungu wa mapenzi. La kwanza lilikuwa la kizamani, lenye vina na mizani, la mwanamume aliyekataliwa. Mshororo mmoja ulisema, "Sili wala sinywi maji, mwili wangu wakondeka," na kuanzia hapo anakonda ubeti baada ya ubeti hadi unajiuliza ameshika kalamu kwa nguvu gani. La pili halikuwa na vina. Mwanamke anaamka asubuhi katika nyumba ambayo mtu ameondoka, hatuambiwi ni nani wala ameenda wapi, anafagia, anaosha vyombo, na mwishoni anasema tu, "Nimeosha vikombe viwili, kimoja hakikuwa kichafu." Basi. Shairi limeisha. Darasa zima lilisema hilo si shairi na huyo mama hana uchungu wowote, ana kazi za nyumbani.

Mimi nilisoma mengi zaidi, Shangazi, nikaenda maktaba nikatafuta kila shairi la mapenzi nililoweza kupata. Katika mengine mapenzi ni donda lisilofunga, katika mengine ni moto wa makaa chini ya majivu, katika mengine ni mwizi aliyeingia mchana, lakini yote yalikubaliana juu ya jambo moja, kwamba aliyekataliwa huumia. Sikupata hata moja la mtu aliyekataliwa akaongeza ugali. Katika insha yangu niliandika kwamba mwanamume wa shairi la kwanza anatuonyesha uchungu wake mwenyewe akiwa amesimama katikati, na mwanamke wa pili anatuonyesha kikombe naye amejificha nyuma yake, na kwamba kile kikombe kilinitisha kuliko kukonda kote kwa yule mwanamume. Mwalimu Nyamai alinipa alama nzuri, akaandika chini kwa kalamu nyekundu, "Umelinganisha vyema. Ni nani kati yao unayemwamini?" Mimi sikufanana na yeyote kati yao.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kwa kuwa Bwire aliendelea kunitazama kama mhalifu, na kwa kuwa nilitaka kuhisi kile ambacho kila mtu mwenye moyo anahisi, niliamua kuandika shairi nikitumaini kwamba uchungu utakuja nikishaanza. Nilifuata lile la kwanza, maana lile la vikombe sikujua ningeanzia wapi kuliiga. Ubeti wenyewe ni huu:

Sikiza wangu mwandani, hali yangu ni dhaifu,
Chakula ni kama kuni, maji nayo ni machafu,
Usingizi siuoni, nimebaki kama mfu,
Nitakwenda kaburini, kwa pendo lako sharifu.

Shangazi, mizani zote zimetimia, unaweza kuhesabu. Maji yetu si machafu. Ilibidi yawe machafu kwa sababu ya kina. Uchungu haukuja, lakini nililifurahia shairi, nikalinakili kwa hati safi, na Bwire akalichukua mbio, akampelekea Waruguru.

Asubuhi iliyofuata Bwire alinipa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na andazi moja, bado lina joto, na pamoja nalo chupa ya soda iliyojazwa maji.

"Yametoka kwa Waruguru," akasema. "Yalikuwa mandazi mawili, moja nimekula. Amesema ujaribu kula hata kama ni kama kuni. Na hayo maji yamechemshwa, anauliza kama huko kwenu mfereji umeingiliwa na taka."

Nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mama yake Waruguru huuza chai na mandazi kwa mafundi na wabeba mizigo wa Gikomba, na tangu siku hiyo mandazi hayajakosa kufika, na mimi, Shangazi, naona haya kuandika, nimeyala. Yana iliki. Kila siku naazimia kuyarudisha, lakini nikiyarudisha ataamini kwamba kweli sili, na nikiyala nakuwa mwongo mwenye mafuta mdomoni.

Nilifikiri itaisha yenyewe. Kisha nikaanza kuona Waruguru amebadilika. Kwenye gwaride la asubuhi macho yake yalikuwa mazito, na katika jaribio la historia, somo analotushinda sisi wote, alianguka. Juzi nilimwambia Bwire kwamba Waruguru anaonekana kama mgonjwa, naye akajibu kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Si ni njaa. Hayo mandazi ni yake. Mamake humwachia mawili na chai akienda Gikomba alfajiri. Siku hizi anakunywa chai tupu."

"Umejua lini hayo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bado unakula moja!"

"Mimi ni mjumbe, Javan. Mjumbe hauawi, na pia hanyimwi."

Sikuweza kusoma siku hiyo. Niliandika kwamba sili, na asiyekula ni yeye. Niliandika kwamba silali, na mwenye macho mekundu ni yeye. Kila nilichodanganya juu yangu kimemwangukia.

Na bado hujasikia lililo baya zaidi. Jana Bwire alikuja akikimbia, anataka kunibeba juu. "Redio, umepata betri!" Waruguru amemtuma aseme kwamba amefikiria na ameomba, na kwamba Ijumaa baada ya Chama atanipa jibu jingine, na nisijidhuru kabla ya hapo. Darasa zima limeshajua ni jibu gani. Wananipongeza kwenye mstari wa chakula. Nami usiku nimelala, kwa kuwa kumbe kutolala ni jambo gumu kulifanya, lakini nimeamka kabla ya mafundi wa Gikomba nikashika kalamu, kwa sababu sitaki aseme ndiyo. Nilimwomba ndiyo na nikafurahi aliponinyima, na sasa ananipa kwa sababu anafikiri nitakufa.

Nikimwambia ukweli nitamwaibisha, kwa kuwa amekaa njaa kwa ajili ya vina vyangu. Nikinyamaza, nitakuwa na msichana aliyenikubali kama mtu anavyokubali kumpa mgonjwa damu. Je, ni dhambi kukataliwa ukafurahi? Je, mashairi yanadanganya, au ni mimi nisiye na moyo? Na Ijumaa nifanye nini? Naomba unijibu katika toleo la Jumatano, na ukiona hasira juu yangu, uiweke tu humo ndani, nimestahili.

Ni mimi,
Mwenye Afya, Shauri Moyo.


JIBU LA SHANGAZI TRUPHENA

Wewe Mwenye Afya,

Askari wetu wa mlangoni ameniletea barua yako akisema kijana aliyeileta alikuwa anahema na mdomo wake una sukari. Nimecheka, kisha nikafika mahali pa chai tupu, nikaacha kucheka. Sasa kaa chini.

Tuanze na moyo wako unaouogopea. Hauna kasoro. Ulikwenda kuomba kitu usichokitaka ili wavulana waache kukuita Redio, ukanyimwa, ukashukuru. Mtu aliyesukumwa sokoni kununua koti lisilomtosha, akaambiwa limeshauzwa, huenda nyumbani anapiga mluzi. Hakuna dhambi hapo. Shukuru pia kwamba ulimwendea msichana mwenye akili, kwa sababu alikupa jibu safi, bila kukutukana na bila kukuweka kwenye foleni. Wako wanawake wazima wanaoniandikia hapa ambao hawajajifunza kusema hapana fupi kama ile.

Kosa lako lilianza kwenye karatasi. Umeniuliza kama mashairi yanadanganya. Mimi ni mtu wa Magharibi mwa Kenya, na bila shaka wewe pia umehudhuria matanga ya kwetu. Umemsikia mama akilia, "Nizikeni naye! Chimbeni la pili!" Je, umewahi kuona mtu akishika jembe? Hapana. Watu humshika mkono, kwa sababu wote waliosimama pale wanaijua lugha ya kilio. Hadanganyi, na hakuna anayedanganyika. Yule mwanamume wako asiyekula wala kunywa alitungwa ili aimbwe mbele ya watu, na watu walijua kwamba baada ya wimbo ataketi ale wali kama wengine.

Wewe ulichukua kilio cha uwanjani ukakitia mkononi mwa msichana mmoja aliye peke yake Ziwani, bila wa kumwambia kwamba ni wimbo. Tena ulimpelekea nani? Mtoto wa mwanamke anayelisha watu kazini. Katika nyumba hiyo mtu akisema hajala, hakuna anayekaa kusifu lugha yake, sufuria inawekwa jikoni. Ukisema maji ni machafu, yanachemshwa. Alikusoma kama watu wazuri wanavyosoma, akiamini kwamba mtu hawezi kuandika njaa akiwa ameshiba. Usithubutu kumcheka kwa hilo, na Bwire akimcheka, mkanye mbele ya watu.

Umelinganisha mashairi mawili kwa ustadi, nami ningekupa alama zaidi ya Mwalimu Nyamai. Lakini yalikuwako mawili mengine ambayo hukuyatia kwenye insha. Moja ni lako, lenye mizani timilifu, ambalo ndani yake "wangu", "yangu" na "nitakwenda" zimejaa, na yeye hana hata kiti cha kukalia. La pili ni lile andazi la joto ndani ya gazeti. Linganisha hayo ukiwa na nafasi. Kisha jiulize lipi lina uchungu.

Sasa sikia la kufanya, na ulifanye kabla ya Ijumaa. Usimngoje atoe hilo jibu jingine. Akishalisema mbele ya watu, kulirudisha kutamwaibisha kweli, na aibu hiyo itakuwa juu yako. Nenda kesho asubuhi kabla ya kengele. Usimtume Bwire. Huyo mjumbe amekula vya kutosha, na ukweli wako akiubeba yeye utafika umemegwa.

Usiandike. Usitie vina. Mwambie kwa maneno ya kila siku: ninakula, ninalala, maji yetu ni safi, niliiga shairi nililopewa darasani, nisamehe. Usianze kumsimulia jinsi ulivyofurahi na mluzi wako pale mferejini. Mwambie hivi: jibu lako la kwanza lilikuwa zuri, nakuomba libaki. Maneno hayo yanamwondolea mzigo bila kumfanya aonekane mjinga, kwa sababu yanampa haki ya ile hapana yake, nayo ilikuwa hapana nzuri.

Halafu, mwanangu, peleka chakula. Hukula mashairi, ulikula kifungua kinywa cha mtu. Mweleze mama yako kwamba yuko mwenzako shuleni asiyekula asubuhi, na ninavyowajua akina mama wa Shauri Moyo hutamaliza sentensi. Mle pamoja, akuone ukitafuna. Na chupa ya watu uirudishe ikiwa safi.

Fanya haraka. Gazeti hili ndilo linalofungiwa mandazi kule Gikomba, nami sitaki Waruguru akayasome haya kwenye mafuta kabla hujamwambia mwenyewe.


BARUA YA PILI KUTOKA KWA MWENYE AFYA

Shangazi mpendwa,

Nimeona si adabu kushauriwa kisha ninyamaze, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa.

Nilimwambia mama ulivyosema, na kweli sikumaliza sentensi. Aliamka akachemsha viazi vitamu, akavifunga kwa kitambaa, akaniwekea na chai ya maziwa kwenye chupa ya moto ya baba, ambayo mimi huwa siruhusiwi kuigusa. Akaniuliza tu, "Ni msichana?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi ongeza viwili."

Waruguru alikuwa wa kwanza darasani, ameinamia dawati. Miguu yangu ilitaka kurudi Shauri Moyo, lakini viazi vilikuwa vinanichoma mkono, nikalazimika kuviweka mahali, nikaviweka mbele yake. Nikasema yote kama ulivyonipangia.

"Unakula?" akaniuliza.

"Nakula. Nimekula jana na juzi. Nimekula na mandazi yako, ukiondoa ya Bwire."

"Na kulala?"

"Nalala."

"Na maji?"

"Maji ni safi, Waruguru. Niliishiwa na vina."

Alishika kiazi kimoja nikafikiri atanipiga nacho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya dawati, mabega yanatikisika, akawa anasema, "Asante Yesu, asante Yesu," na nilipomwambia lile neno la jibu la kwanza kubaki, akanyanyua uso umelowa machozi, akasema, "Javan, hujui umenitoa wapi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujizoeza."

"Kujizoeza nini?"

"Kukupenda. Kila siku kabla ya kulala nakaa nikijaribu. Ni ngumu kushinda hesabu!"

Nami nikacheka. Akamenya kiazi, akala, akala kingine, akanywa chai yote ya chupa ya baba, akaanza kunirekebisha shairi langu na mdomo umejaa. Anasema mtu mwenye hali dhaifu hawezi kuandika hati safi vile, na yeye alipaswa kugundua hapo. Bwire alipoingia akatukuta tunacheka, akapiga kelele, "Si niliwaambia!" na Waruguru akamwambia, "Wewe njoo hapa tuzungumze juu ya mandazi yangu." Ijumaa Chama kilijadili mambo mengine. Jaribio la historia ameruhusiwa kulirudia, amepita. Nilihisi wepesi siku nzima, Shangazi, wepesi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu huu tulikuwa nao wawili.

Jambo moja tu, dogo, nisilojua kama linafaa kuandikwa. Jioni ya siku ile ya viazi kulikuwa na ugali na omena, chakula nikipendacho, na katikati ya kula nikakumbuka alivyocheka aliposema ni ngumu kushinda hesabu. Nikaacha nusu. Mama akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nimeshiba. Sijaandika shairi lolote juu ya hilo, na asubuhi nilikula kama kawaida.

Ile chupa ya soda ya Waruguru bado sijairudisha. Iko kwetu dirishani. Leo nimeiosha tena, ingawa haikuwa chafu.

Mwenye Afya.


SHANGAZI:

Irudishe, mwanangu. Pitia Gikomba ukitoka shule, umpe mama yake mkononi, na umwambie mandazi yalikuwa mazuri.